Jibu Yangu Juu ya Mingazi ya Feza

Sifa,

Soma hii kabla motari, ule wa kukubeba na pikipiki, hajafika Mpofi. Mukisimama kungojea mvua ipite, toa karatasi kwenye mufuko ya ndani ya begi, fasi nimeiweka, usome yote. Usiruke. Ninakujua, unasomaka mwanzo na mwisho, katikati unaacha. Hapa katikati njo kuko mambo.

Nimeandika mwenyewe. Sikumuita muntu. Masomo yangu iliishia mwaka ya pili ya shule ya primere, na herufi zingine nilizifundishwa na babu yako kwenye meza yake, wakati alikuwa anasahihisha kazi ya wanafunzi. Mwandiko iko mubaya, lakini macho yako iko ya kijana, utajikaza.

Sitakuambia habari ya kufua, ya kuomba Mungu, ya kuchemusha maji. Ile nimekuimbia tangu uko mudogo, na kama haikuingia mpaka leo, karatasi haitaiingiza. Ninataka kusema juu ya neno moja: mingazi ya Feza, ile miti yake ya mawese. Tangu siku ya Mungu, ile Jumapili Feza alikuja, unaniangalia kama mutoto anaangalia chungu, anangojea iive. Unangoja niseme ndiyo ao hapana. Mimi nimekuwa nikigonga sufuria tu. Sikusema, sababu mudomo yangu ingetoa matusi, na sikutaka ubebe matusi kwenye safari. Sasa uko kwenye kwaya, wanakuaga, mvua iko inanyesha, nimefunga mulango. Karatasi iko polepole kuliko mudomo. Tusi ikikuja ninaweza kuiacha ndani ya kalamu.

Nianze na ile siku, sababu wewe ulikuwa unaangalia viatu vyako, hukuona vizuri.

Watu walikuwa wamejaa hapa nyuma ya kanisa kukupongeza juu ya kazi yako ya ukunga kule Hombo. Feza akashuka kwa moto, ile pikipiki ya kukodi, amevaa liputa mupya ya kitenge, bido ya lita tano ya mawese kwa mukono. Akasalimia watu wote mpaka watoto, kisha akakuja kusimama mbele yangu.

— Mama Ombeni, nimekuja kuomba.

— Kaa kwanza. Unaomba umesimama kama askari wa barabara?

— Nitakaa ukinijibu. Ninamuomba Sifa.

— Sifa si chumvi, Feza. Muntu hapitaki kwa jirani kuomba mutoto.

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. Hiyo njo tabia yake, unamuchoma, anacheka. Kisha akasema ile yenye ulisikia: mingazi yake yote ya upande wa kijito, anataka kukupa. Wazee wa Mpofi wanajua. Udongo iko ya ukoo, lakini muti iko ya mwenye aliipanda, na mwenye aliipanda njo yeye, anaweza kuipa muntu anamutaka. Utakata ngazi, ile matunda yake, utakamua mafuta ya mawese, na siku mugongo yako itachoka na kazi ya kupokea watoto wa watu, utakuwa na fasi ya kuegemea.

— Na wewe unataka nini? nikamuuliza. Sababu Feza hapandaki kitu bila kujua atavuna nini.

— Siku nitakufa, akae mbele ya matanga yangu kama mutoto. Hiyo tu.

Watu wakageuka kuniangalia. Nilisikia kuku inakwaruza nyuma ya nyumba.

— Kumbe unatafuta mutoto wa kukulilia, nikasema. Si ungezaa?

Neno ile ilitoka, haiwezi kurudi. Feza aliweka bido chini ya meza, akakunywa maji yake mpaka mwisho, akapanda moto. Na wewe, pasta alipokuuliza, ulisema: «Nitafanya ile Koko atasema.» Ukaniwekea muzigo kwa kichwa mbele ya watu wote, ukaenda kuosha sahani.

Bon. Muzigo nimeubeba siku zote hizi. Sasa ninautua.

Kwanza ujue kitu moja. Mimi niko na wivu. Usifikiri niko na kitu ingine, usiseme ni uzee ao ni tension ya damu inapanda. Niko na wivu na ule mwanamuke, na hii wivu iko ya zamani kuliko mama yako.

Wewe unamujua Feza kama ule mama wa Mpofi mwenye analetaka mawese kwa Noeli. Mimi ninamujua kama muke mwenzangu, bibi ya pili ya babu yako. Alikuja kwa nyumba yangu nikiwa na mutoto mugongoni na mwingine tumboni. Walisema amekuja kunisaidia kazi. Kazi gani? Shamba nilikuwa ninalima, maji nilikuwa ninachota. Kazi yenye alikuja kunisaidia ninaijua, sikuwa nimeomba musaada. Alikuwa na miguu mirefu, na sauti ya kuimba, na alikuwa anaita babu yako «Mwalimu» kama vile anaita askofu.

Hakuzaa. Mwaka ulipita, mwingine ulipita, hakuzaa. Mimi nilikuwa ninazaa. Kila mutoto nilikuwa ninapita naye mbele ya mulango yake, nimemufunga vizuri mugongoni, ninatembea polepole.

Sasa mwangalie leo. Ukifika Mpofi utamukuta kwenye kiti ya nje, kiti yenye iko na mugongo, miguu kwenye jua. Nyumba yake iko na mabati. Vijana wa kijiji wanamukatia ngazi, wanakamua, wanagawana naye nusu kwa nusu, na yeye hata hapandishi sauti. Sabuni iko. Dawa ya macho iko. Mugeni akifika, anamuambia «kaa, utakula», na kweli anakula.

Na mimi? Gusa paji langu, unajua ile bonde iko hapa kati, fasi ya kamba. Ile kamba ya kitunga, kikapu ya mugongoni, nimeivaa tangu niko musichana. Mpaka leo ninapanda mulima na mihogo mugongoni, kamba kwenye paji, na wiki iliyopita nilikutana na mutoto wa jirani, akaniambia: «Koko, wewe hauchoki?» Nilimuambia aende kuuliza mama yake kama iko na heshima. Lakini ninachoka, Sifa. Magoti inalia kama mulango. Na ninapolala ninaona ile kiti ya Feza.

Unaweza kuuliza, ilikuwa namna gani mimi nikose mingazi na yeye apate. Babu yako alitupa mashamba siku moja, sawa kwa sawa. Hakuwa muntu wa kupendelea, ile nitamusifu. Alisimama juu ya jiwe katikati ya kijito, akanyoosha mukono kulia: «Mama Ombeni, hii.» Akanyoosha kushoto: «Feza, ile.» Udongo moja, maji moja. Upande yangu ilikuwa hata na jua zaidi.

Wiki ile ile Feza akaanza kutafuta miche ya ngazi porini. Anaichomoa, anaifunga kwenye jani ya ndizi, anaileta kwa kichwa. Shangazi ya babu yako alikuwa anakaa na sisi, mudomo yake ilikuwa kali, akasema: «Muone huyu, anapanda kitu ya kukula akiwa amezeeka. Anafikiri bwana atakuwa amekufa?» Tulicheka mpaka machozi. Feza akasikia. Jioni akakuja kwangu na kitunga.

— Dada, imebaki hii. Panda kwa upande yako, kwenye mupaka. Haitakuzuia kulima.

— Mimi nimekwisha kupanda, nikamuambia. Nimepanda watoto. Hao njo watanipa kukula.

Akarudi na miche yake. Mimi niliingia ndani, nikajisikia nimemushinda.

Miaka mingi nilifikiri nilisema vile juu ya kiburi tu. Kiburi ilikuwako, sitakudanganya, mpaka leo iko. Lakini kulikuwa kitu ingine na nilichelewa kuijua. Kwetu Masisi, baba yangu alilima udongo ya kukodi. Mwenye udongo alikuwa anapita kila musimu, anaangalia. «Panda maharagi, panda mihogo, sina neno. Lakini siku nitaona muti, hata ndizi, unatoka.» Sababu muntu akipanda muti, kesho atasema shamba iko yake. Siku moja mudogo wangu alizika kokwa ya avoka nyuma ya nyumba, akicheza. Ikatoa majani mawili. Baba aliing'oa, akamuchapa, kisha akakaa chini akashika kichwa. Mimi nililelewa mule. Maharagi, miezi mitatu, unakula. Mihogo, unangoja kidogo, unakula. Muti, hapana.

Kisha nikaolewa huku Walikale, nikapewa shamba yenye hakuna muntu angeniondoa, na mukono yangu ikaendelea kupanda kama mukono ya mukodi. Hakuna aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe. Feza yeye alizaliwa huku porini, fasi muntu anapandaka muti na muti inaitwa jina yake. Hakuwa na akili kunipita. Alikuwa tu hajaogopeshwa. Kila nikifikiri hii, wivu inapanda mpya. Nilikuwa ninaweza. Udongo ilikuwa yangu.

Juu ya watoto, wajomba wako unawajua, lakini nitakuambia namna nilivyowahesabu. Dada zao walipoolewa, mbuzi ziliingia. Nilizipa majina. Nilisema hizi zitazaa, zitakuwa za uzee yangu. Kisha Ombeni akataka kuoa, mbuzi zikatoka. Mudogo wake akafuata, zingine zikatoka. Na mimi nilikuwa ninatembea kwenye ile arusi na kitambaa ya manjano kwa kichwa, watu wanasema Mama Ombeni ni mama kweli. Nilikuwa ninaona kama ninaweka akiba. Kumbe ninaipika na kuigawa kwa watu wenye wanaimba.

Ombeni si mutoto mubaya. Nikupe haki yake. Anapiga telefone kutoka Goma, anasema: «Mama, shikamoo, kuko shida kidogo huku, mwezi kesho.» Ninamuambia sawa. Ile mwezi kesho iko na ndevu sasa. Yeye pia iko na watoto wake, na nyumba ya kukodi, na watu wa bibi yake. Anavutwa mikono yote miwili, mimi ninavuta nini, sikio? Sikumuzaa ili awe shamba. Lakini nilimuwekea kazi ya shamba bila kumuambia, na sasa ninamukasirikia kwa kuwa hakuzaa matunda. Hata mimi ninaona haiko sawa. Wewe ukizaa watoto, uzae kwa furaha, na uzeeke kwa kitu ingine.

Na usiseme: «Mimi niko na diplomu, niko na mushahara, si kama Koko.» Babu yako alikuwa na diplomu. Aliiweka kwenye kioo, kule Mpofi kwenye ukuta. Alifundisha mpaka wanafunzi wake wakaleta wajukuu wao kwake. Nilimuambia, Mwalimu, pumzika. Akasema: «Ninangojea karatasi ya retrete, ile ya pension. Nikiacha kabla ya karatasi, nitakuwa nimeacha bure.» Alikuwa anaenda shuleni na fimbo, anapumzika njiani mara nyingi, wanafunzi wakubwa wanamushika chini ya mikono. Alikufa akiwa bado kwenye lista ya waalimu, chaki ikiwa kwenye mufuko ya koti. Sisi wawili tulikuwa tumekaa mbele ya matanga, mimi na Feza, bega kwa bega, na mimi nilikuwa ninaangalia kama analia kunipita.

Kisha ile kukimbia. Ulikuwa mudogo, mama yako alikuwa amekwisha kutuacha, nilikufunga mugongoni, tukatoka Mpofi na chungu moja. Maharagi yangu ilikuwa inakaribia kukauka. Mbuzi mbili zenye zilibaki tuliziacha zinalia. Tukafika huku Pinga, tukalala kwa watu wa kanisa, nikaanza kulimia watu kwa kibarua. Tuliporudi kuangalia, mimi na Feza, upande yangu ilikuwa majani tupu. Hata mihogo walichimba. Upande wa Feza, mingazi ilikuwa imesimama, imechoka kidogo, majani makavu inaning'inia, lakini imesimama. Muntu anayekimbia habebi mungazi. Na mwenye anaiba anakata mukungu, anaenda, kesho muti inatoa mwingine.

Feza akabaki kule kule siku ile ile, akalala chini ya mabati yenye matundu. Mimi nikarudi Pinga. Niliwaambia watu Mpofi haina usalama. Ilikuwa kweli. Na ilikuwa kweli pia kwamba sikuweza kukaa upande wa pili wa kijito nikiangalia mingazi yake.

Sasa nikugeukie wewe, sababu unafikiri uko salama. Na wewe ninakuonea wivu. Unashtuka? Ninakulisha, ninakuombea, na ninakuonea wivu, vyote iko ndani ya tumbo moja. Unaenda fasi yenye hakuna shangazi ya kukucheka. Utakuwa na mulango yako na ufunguo yako. Mugongo yako iko mpya. Ukipanda kitu leo, utaiona. Mimi nikipanda leo, ni nani atakula? Siku ulileta karatasi ya posti, ile ya kukupa kazi Hombo, ukaruka ruka hapa, mimi nilipiga kigelegele, kisha nikaenda chooni nikakaa muda murefu. Tumbo haikuwa inaniuma.

Ndiyo maana ninakuambia vitu vyenye sikuambiwa. Mushahara yako ya kwanza, Ombeni atapiga telefone kabla haujaishika. Umusalimie, umupende, na kabla ya kumujibu uwe umetenga kitu ya ule mwanamuke muzee mwenye utakuwa. Mufikirie kama muntu. Iko na magoti mabaya, iko na mudomo kama yangu, hakuna anayetaka kumubeba. Iko anakungojea kule mbele, na akikukuta mikono mitupu hatakusamehe. Ule muzee wangu mimi hajanisamehe. Tunakaa naye hapa kila siku, ananitukana.

Kwenye likelemba ya wamama wa Hombo, ile ya kuchangiana pesa kwa zamu, ingia, lakini zamu yako ikifika usinunue maputa. Nunua kitu yenye inakaa. Na ukiambiwa «wewe bado musichana, unafikiri uzee mapema», wacheke tu. Feza alichekwa.

Kuko kitu ingine ya kupanga na hii sikuijua hata kidogo. Nani atakuwa anasema na wewe. Nilifikiri uzee iko njaa na baridi. Kumbe kuko pia kunyamaza. Rafiki zangu wamekufa ao wako kambini ao kwa watoto wao Goma. Hapa Pinga wananiita Koko, wananiheshimu, lakini hakuna hata moja mwenye aliniona nikicheza ngoma. Ukisema kitu ya zamani wanasema «eee, Koko», na wanaangalia telefone.

Musimu wa mvua uliopita, mugongo iliponifunga, wewe ulikuwa shuleni ya ukunga, haukujua. Feza akasikia, sijui nani alimuambia, akakuja. Sikumuita. Aliingia na bido yake, akasema: «Geuka.» Nikasema: «Sigeuki.» Akasema: «Utageuka ao nitakugeuza, mimi nimekula vizuri kuliko wewe.» Nikageuka. Akanipaka mawese moto mugongoni, anakanda na kiwiko. Alikaa mpaka nikaweza kusimama. Na usiku alianza kuigiza namna babu yako alikuwa anakoroma, kwanza kama mulango, kisha kama gari kwenye matope, kisha ile ya mwisho yenye ilikuwa inamuamusha mwenyewe anauliza «nani hapo?». Nilicheka mpaka mugongo ikarudia kuuma. Ni nani mwingine kwenye dunia hii anajua namna ule mwanaume alikuwa anakoroma? Ni sisi wawili tu.

Asubui nilikasirika kwamba nilicheka. Nilimuambia arudi kwake, kuku zake zitaibiwa.

Sasa unaelewa juu ya nini niligonga sufuria. Mingazi haikuniuma, mingazi nimeizoea kuiona. Iliniuma sababu amekwisha kupata kiti, amekwisha kupata mabati, na kitu moja tu nilikuwa nayo yenye yeye hana, ni mutoto wa kukaa mbele ya matanga. Na mutoto mwenyewe ni ule aliniosha miguu, mwenye anajua dawa yangu inawekwa wapi. Kati ya watu wote njo wewe alikuja kuomba. Hakuomba Ombeni. Anajua kuchagua, ule mwanamuke, tangu miche.

Nikikuambia hapana, utatii. Hiyo njo inaniogopesha. Utaenda Hombo, utafanya kazi ya kuamuka usiku kwa miaka mingi, na utazeeka kama mimi, na utakuwa unasema: kulikuwa mingazi, lakini Koko alikuwa na wivu. Sitaki jina yangu ikae fasi hiyo. Mutoto wa baba yangu alichapwa juu ya kokwa. Mimi siwezi kung'oa mingazi mizima.

Kwa hiyo sikiliza, na ufanye hivi.

Mukifika Mpofi, mwambie motari asimame kwa Feza. Usiseme uko na haraka. Ingia, mupe mikono yote miwili, mwambie: «Koko amesema ndiyo.» Sema hivyo hivyo, usipambe. Akianza kulia, mwache alie, usimusaidie. Kisha amuite muzee wa ukoo na mashahidi, na ukate mukungu ya kwanza mbele yao na mukono yako mwenyewe. Vijana wakitaka kukusaidia, ukatae, sababu mwenye hakukata mbele ya watu, kesho watu wa ukoo watasema alipewa kukula, hakupewa muti. Nimeweka kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye bido ndogo, imefungwa na liputa yangu ya kijani. Ni ya wazee kukunywa. Musinywe njiani. Mwambie motari pia.

Ukiwa umekata, nenda upande yangu wa kijito. Majani itakufika kifuani. Uliza muzee kama ukoo bado wanaihesabu kuwa ya Mama Ombeni. Akisema ndiyo, unipigie telefone siku ile ile, hata kama hauna unite za kupiga, uombe kwa Feza, yeye iko nayo. Miche ya kupanda kwangu anayo pia. Sitamuomba mimi. Wewe umuombe, kama yako.

Kuhusu ile neno nilimuambia mbele ya watu, juu ya kuzaa. Mwambie nilisema vibaya. Kama hauwezi kupata namna ya kusema, mupe hii karatasi asome mwenyewe, kusoma anajua, babu yako alimufundisha kwenye meza ile ile, na ile pia nilikuwa ninaiona kupitia tundu ya mulango.

Na kule mbele ya matanga, kaa. Ukae kama mutoto, ukunje miguu vizuri, ulie kwa sauti, umuimbie ile nyimbo zake za miguu mirefu. Sina neno. Lakini sisi wawili tumekuwa wazee, mambo inaweza kukuja pamoja. Kama tumekufa siku moja, unakuja kwangu kwanza. Kwake utaenda kesho yake, atangoje. Kungoja anajua.

Mimi, Koko yako,
Mama Ombeni